Miksa Iliyotumika: Kinachosafishika na Kilichochakaa

Chukua miksa ya chaneli 16 iliyotumikia kanisa, bendi au ukumbi wa harusi kwa miaka kumi, kisha ijaribu chaneli moja baada ya nyingine. Mara nyingi utakuta matatizo yamekaa sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Chaneli nne za mwanzo, zile za mhubiri, mwimbaji na mshereheshaji, zina nobu zilizolegea na feda zinazopoteza sauti katikati ya njia. Chaneli za kuanzia ya kumi na mbili, ambazo hakuna aliyezigusa tangu mtambo uingie, zinakwaruza, zinakata, au ziko kimya mpaka mtu apige bodi ngumi. Fundi akiitwa na kuambiwa kwamba mtambo umejaa uchafu, huchukua kopo la dawa ya kupuliza na kuzitibu zote kwa pamoja. Zile za mwisho hupona. Zile za mwanzo huwa nzuri wiki mbili, kisha hurudi zikiwa mbaya kuliko zilivyokuwa.

Vifaa vya sauti vilivyotumika sana huugua magonjwa mawili yaliyo kinyume: kuchakaa kwa kutumika na kuota kutu kwa kutotumika. Kusafisha hutibu hilo la pili tu. Mtu asiyetenganisha mawili hayo atamaliza makopo ya dawa juu ya sehemu zilizokwisha, na atatupa mtambo mzima kwa sababu ya sehemu ambazo zingepona kwa nusu saa.

Ndani ya kila nobu ya kuzungusha kuna kile ambacho mafundi wetu wa redio hukiita volyumu, hata kama kazi yake ni kuongeza besi. Ni njia ya kaboni iliyopakwa juu ya kipande kilichopinda, na ulimi mdogo wa chuma unaotambaa juu yake. Feda ni kitu kilekile kilichonyooshwa. Ulimi ukisogea, ishara ya sauti hupitia kaboni nyingi au chache, na sauti inapanda au inashuka. Volyumu nyingi za bei ya chini hukadiriwa na watengenezaji kudumu mizunguko kati ya 10,000 na 15,000. Feda za hali ya juu za plastiki inayopitisha umeme, kama zile za Penny & Giles za Uingereza, hudumu mara nyingi zaidi ya hapo, na ndiyo maana mitambo ya redio na studio kubwa ilifungwa feda za namna hiyo ingawa bei yake ilikuwa ya kutisha.

Kaboni ikilika, huwa kama barabara ya vumbi iliyopitiwa na malori: mashimo hubaki palepale hata ukiifagia. Sikio linaweza kutofautisha. Kukwaruza kwa uchafu na kutu huenea njia nzima, na hupungua ukizungusha nobu mara ishirini au thelathini kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kabla ya kupuliza chochote. Kukwaruza kwa kaboni iliyolika hukaa mahali pamoja, na mahali penyewe ni pale feda inapokaa kila Jumapili, karibu na alama ya sifuri. Ukipandisha kidogo sauti ni safi, ukishusha kidogo ni safi, ukirudi pale inakatika. Hiyo haihitaji dawa. Inahitaji feda mpya, au angalau feda ya chaneli isiyotumika ihamishiwe pale.

Ipo aina ya tatu, na hiyo huwadanganya hata mafundi wazoefu. Katika saketi, kabla na baada ya volyumu, huwekwa kapasita zinazoruhusu sauti kupita huku zikizuia umeme wa moja kwa moja. Kapasita ikizeeka na kuanza kuvujisha, umeme huo hukaa juu ya kaboni, na kila ulimi unaposogea hutoa mkwaruzo mkali hata kama njia ni safi kama mpya. Utapuliza dawa mpaka kopo liishe na mkwaruzo hautaondoka. Kipimo chake ni rahisi: washa mtambo bila ishara yoyote, weka mita kwenye volti za moja kwa moja, kisha gusa ncha mbili za volyumu. Ukikuta milivolti chache, tafuta uchafu. Ukikuta volti nzima au nusu yake mahali ambapo mchoro wa saketi hauonyeshi kitu, kosa liko kwenye kapasita iliyo jirani, na volyumu imesingiziwa. Ningependa kila anayejiita fundi mitambo afanye kipimo hiki kabla ya kutoa kopo mfukoni, ila najua wengi hawatafanya, kwa sababu kupuliza huchukua dakika moja na mteja huona kazi ikifanyika.

Na kelele inayosikika bila mtu kugusa chochote, ule mchemko kama mafuta ya maandazi au mlio unaokuja na kuondoka wenyewe, haina uhusiano na volyumu. Hiyo ni solda iliyopasuka, kipande cha saketi kinachokufa, au waya wa kipaza sauti. Waya ujaribiwe kwanza. Ndio wenye makosa mara nyingi kuliko miksa yenyewe.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe, maana hapa ndipo uharibifu mwingi unapofanyika. Kopo linalopatikana kila duka la vipuri vya magari ni WD-40. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 na kampuni iliyoitwa Rocket Chemical Company, ikikusudiwa kufukuza maji kwenye ngozi ya makombora ya Atlas. Namba 40 ni ya jaribio lililofanikiwa. Inafukuza maji vizuri sana. Lakini huacha utando wa mafuta, na ndani ya volyumu utando huo hukamata vumbi na unga wa kaboni mpaka viwe tope. Kampuni hiyohiyo leo huuza kopo lingine tofauti kwa ajili ya kusafisha kontakti za umeme. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba lile la kawaida halikukusudiwa kazi hii.

Makopo yaliyoandikwa kuwa ni ya kusafisha kontakti, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, yako ya aina mbili. Moja huosha na kukauka kabisa bila kuacha kitu. Nyingine huosha na kuacha kilainisho kidogo. Ya kwanza inafaa kwa jeki, swichi na miguu ya kontakti. Ikiingia kwenye feda huosha grisi ambayo kiwandani iliwekwa makusudi ili feda iteleze kwa uzito unaopendeza mkononi. Feda iliyooshwa namna hiyo huwa nyepesi, inacheza, inakwangua, na kwa kuwa sasa chuma kinatambaa juu ya kaboni kavu, inalika upesi zaidi. Ndiyo sababu ya zile wiki mbili za uzuri. Kampuni ya CAIG ya Marekani hutengeneza DeoxIT D5, yenye asilimia 5 tu ya dawa yenyewe na iliyobaki ni kiyeyushi na gesi, na kando yake huuza kilainisho maalumu cha feda. Si lazima iwe chapa hiyo. Kinachotakiwa ni kuelewa kwamba kuosha na kulainisha ni kazi mbili, na feda inahitaji zote mbili kwa mfuatano huo.

Pasipo na kopo, watu hukimbilia spiriti ya duka la dawa. Ni muhimu kusoma chupa. Ile spiriti ya hospitali ya kupaka ngozi mara nyingi huchanganywa na mafuta ya nyonyo ili isikaushe mwili, na mafuta hayo hubaki kwenye kontakti baada ya spiriti kuruka. Kitakasa mikono ni kibaya zaidi: hata ile fomula ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ni ya majimaji, ina gliserini asilimia 1.45, na zile nzito za madukani zina vitu vingine vinavyonata juu yake. Tangu mwaka 2020 miksa nyingi zimefutwa kwa vitakasa mikono na watu wenye nia njema, na ukizigusa leo unahisi jinsi zinavyonata. Kinachofaa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ni nzuri kwa kuua vijidudu kwa sababu ya maji yake, na maji hayohayo ndiyo usiyoyataka ndani ya bodi. Kuhusu petroli, ambayo bado naiona mezani kwa mafundi, inayeyusha baadhi ya plastiki, inafuta maandishi ya juu ya paneli, na cheche moja ya swichi inaweza kuchoma nyumba.

Kwa uso wa juu wa mtambo, mambo ni mepesi kiasi kwamba sitakaa hapo. Nobu huvuliwa na kulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, zikakaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Paneli hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Vumbi la katikati ya feda huinuliwa kwa brashi laini ya rangi huku kifyonza vumbi kikiwa karibu. Pamba za masikio huacha nyuzi, na nyuzi huishia ndani ya feda. Upepo wa mashine ya kujazia matairi una maji na mafuta ndani yake, kwa hiyo blowa ndogo ya mafundi wa kompyuta inafaa zaidi, na feni ikiwemo ishikwe kwa kidole isizunguke.

Mkosaji ninayemtafuta kwanza katika miksa yoyote ya zamani ni mwingine kabisa: jeki ya insati. Hili ni lile tundu lililo nyuma au juu ya kila chaneli, lililowekwa ili mtu aweze kuunganisha kompresa au kifaa kingine katikati ya njia ya sauti. Wengi hawajawahi kuchomeka kitu pale. Lakini sauti ya chaneli inapita hapo kila siku, kwa sababu ndani ya jeki kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana pale ambapo hakuna plagi, na vikipata plagi huachana. Kwa miaka kumi vipande hivyo vimegusana bila kusogea, katika hewa yenye unyevu. Utando unaota katikati yao. Chaneli inaanza kukata, au sauti inakuwa nyembamba na yenye kukoroma, na mtu analaumu feda. Jaribio ni la sekunde tano: chomeka plagi ya jeki kwenye insati na kuichomoa mara kumi. Sauti ikirudi, umempata. Kisha dawa kidogo ya kuosha ipakwe kwenye plagi yenyewe, si kumwagwa ndani ya tundu, na plagi ichomekwe tena mara kadhaa.

Hali ni hiyohiyo kwa swichi ambazo hazibonyezwi, kwa jeki za kurudishia efekti, na kwa zile waya bapa za utepe zinazounganisha bodi moja na nyingine ndani. Miksa za Mackie 1604 za miaka ya 1990, ambazo zilienea kila kona ya dunia, zinajulikana sana kwa ugonjwa huu. Jeki zake zimo kwenye sehemu ya nyuma inayoweza kugeuzwa, na sehemu hiyo huungana na bodi kuu kwa tepe za waya zenye kontakti za kuchomeka. Kontakti zikiota utando, chaneli kadhaa hufa pamoja, au upande mmoja wa stereo hupotea, na mwenye mtambo huamini kwamba umeungua. Fundi anayejua hufungua skrubu, huchomoa tepe na kuzirudisha mara tatu nne zikiwa zimepakwa dawa, na mtambo huamka. Nimeona watu wakitozwa bei ya bodi mpya kwa kazi hiyo.

Kwa kuwa ugonjwa huu huletwa na kukaa bila kuguswa, kinga yake haigharimu kitu. Mara moja kwa miezi mitatu mtambo ukiwa umezimwa, kila nobu izungushwe, kila feda itembezwe, kila swichi ibonyezwe mara ishirini, kila insati ichomekwe. Na kila mwaka vipaza sauti vihamishwe: anayetumia chaneli ya kwanza aende ya tisa, ya pili iende ya kumi. Uchakavu unagawanyika na kutu inakosa pa kukaa. Sijaona ukumbi unaofanya hivi kwa mpango, ingawa wengi hubadilisha tairi za gari kwa hoja hiyohiyo.

Utando wenyewe unatoka wapi? Pwani jibu ni chumvi. Chembe za chumvi ya bahari hupaa na upepo na kutua kila mahali, na chumvi ya kawaida ina tabia ya kunyonya maji ya hewa na kuwa majimaji pale unyevu unapopita takriban asilimia 75. Asubuhi nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hupita kiwango hicho, na wakati wa masika hata mchana. Kwa hiyo chumvi iliyotua kwenye kontakti si vumbi kavu la kungoja brashi. Usiku inakuwa tone la maji ya chumvi linalopitisha umeme na kula shaba, na mchana inakauka tena. Jukwaa la Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, limekuwa kwa miaka mingi ndani ya Ngome Kongwe ya Unguja, na ngome hiyo iko hatua chache tu kutoka Forodhani na bahari. Mtambo wowote unaofanya kazi mahali kama hapo huchoka kwa namna ambayo mtambo wa Dodoma hautaijua.

Dodoma na Bara kwa ujumla adui ni vumbi jekundu. Linaingia kila tundu, linasaga kaboni ya feda, linaziba matundu ya hewa na kuufanya mtambo uchemke. Lakini likiwa kavu haliharibu kontakti haraka. Ningechagua kununua miksa iliyotumika Bara, hata ikiwa imejaa vumbi la kutisha, kuliko ile inayong'aa iliyokaa miaka mitano mbele ya bahari.

Watu huifunika miksa kwa nailoni wakidhani wanaikinga. Wakiifunika ikiwa bado ya moto, unyevu unabaki chini ya nailoni na kugeuka matone usiku. Kitambaa kizito cha pamba, kilichofunikwa baada ya mtambo kupoa, ni bora zaidi. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu visitupwe. Viwekwe ndani ya sanduku la kubebea, vikaushwe mara kwa mara. Na kabla ya kuwasha mtambo uliokaa muda mrefu, ufunguliwe. Mende hupenda joto la transfoma, mchwa na sisimizi hujenga, na mjusi akiingia kwenye sehemu ya umeme mkubwa huunganisha nyaya mbili kwa mwili wake. Kinyesi cha viumbe hawa kinakula bodi polepole.

Soda ikimwagika ni dharura, na hapa kuchelewa ndiko kunakoua. Zima, chomoa kwenye ukuta, pindua mtambo. Sukari iliyokauka hunasa feda. Alkoholi peke yake haiyeyushi sukari vizuri, maji ndiyo yanayoiyeyusha. Kwa hiyo bodi huoshwa kwanza kwa maji yasiyo na madini, kisha alkoholi hufukuza maji. Maji hayo yanapatikana vituo vya mafuta kama maji ya betri. Hakikisha ni maji na si asidi, kwa sababu chupa zake hukaa rafu moja. Baada ya hapo siku mbili tatu za kukauka mahali penye upepo, na feda zilizolowa zitahitaji kufunguliwa au kubadilishwa.

Umeme ni sura nyingine, na ni hapa ambapo neno uchafu hutumika kuficha ujinga zaidi. Mvumo wa chini unaosikika kwenye spika unaweza kuwa wa aina mbili, na mpiga besi anaweza kuzitenganisha kwa sikio. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde. Mvumo wa 50 ni noti ya G ya chini sana, freti ya tatu ya waya mnene wa gitaa la besi. Kwa kawaida unatokana na waya wa ethi kuzunguka kati ya miksa, amplifaya na kompyuta zilizochomekwa soketi tofauti. Mvumo wa 100 uko oktava moja juu, karibu kabisa na waya wa G ukipigwa wazi, na una ukali fulani. Huo mara nyingi ni kapasita kubwa za sehemu ya umeme zilizokauka na kushindwa kulainisha mawimbi. Wa kwanza unaponywa kwa kupanga nyaya na kutumia soketi zinazotoka chanzo kimoja. Wa pili unataka kapasita mpya.

Kuna tiba ya mvumo wa kwanza ambayo lazima isemwe ili ikataliwe: kukata waya wa ethi kwenye plagi. Mvumo unaondoka, ni kweli. Pamoja nao inaondoka ile njia pekee ya umeme kwenda ardhini iwapo waya wa moto utagusa bodi ya chuma, na mwenye kushika kipaza sauti huku amesimama kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayekuwa njia. Fundi anayefanya hivyo asilipwe.

Zile kapasita kubwa za sehemu ya umeme zina umri unaokadirika. Ya kawaida huandikwa saa 2,000 kwa nyuzi joto 85, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipungua nyuzi 10 umri huwa mara mbili. Ndani ya mtambo wenye nyuzi 45 unapata takriban saa 32,000. Kwa kituo cha redio kisichozima mtambo usiku wala mchana hiyo haifiki miaka minne. Kwa kanisa linalowasha saa kumi kwa wiki ni zaidi ya miaka hamsini kwenye karatasi, ingawa kwa kweli kapasita hukauka hata zikiwa zimekaa. Ukiacha feni izibe na joto likafika 55, gawa hesabu zote kwa mbili. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kusafisha vumbi ndani ya mtambo wa redio, na ni sababu ya joto, haihusu sauti. Kapasita za sehemu ya umeme huweza kushika chaji hatari hata baada ya kuchomoa waya. Asiyejua kuzipima na kuzimaliza chaji asifungue upande huo.

Mtambo ulioletwa kutoka nje una mtego wake. Japani hutumia volti 100, Marekani 120, sisi 230 au 240. Miksa nyingi nzuri za mitumba zimekufa dakika ya kwanza ya kufika nyumbani kwa sababu hakuna aliyesoma kibandiko cha nyuma. Stabilaiza husaidia volti zinapopanda na kushuka, lakini haigeuzi mtambo wa 100 kuwa wa 230.

Je, miksa yako inaweza kufanyiwa yote haya? Jibu liliamuliwa siku ilipochorwa. Miksa ya Neve 8028 iliyojengwa 1973 kwa ajili ya studio ya Sound City, Los Angeles, ilirekodi bendi za Fleetwood Mac mwaka 1975 na Nirvana mwaka 1991, na studio ilipofunga milango Dave Grohl, mpiga ngoma wa Nirvana, aliinunua na kuihamishia studio yake, Studio 606, ambako inaendelea kufanya kazi. Haikudumu kwa sababu ilitunzwa kwa mapenzi tu. Kila chaneli ni kipande kinachochomolewa chenyewe, kikapelekwa mezani, kikafunguliwa huku sehemu nyingine za mtambo zikiendelea. Miksa ya bei nafuu ya leo ina bodi moja chini ya paneli nzima, volyumu zote zimechomelewa juu yake, na kubadilisha feda moja kunataka kuvua nobu zote, nati zote, jeki zote. Kipuri ni cha bei ya soda, kazi ni ya siku nzima. Katikati ya hizo mbili kuna mitambo kama MixWizard ya Allen & Heath, ambayo kila chaneli ina bodi yake iliyosimama na kila volyumu imefungwa nati kwenye paneli, kiasi kwamba pigo la juu halifiki kwenye solda. Anayenunua kwa ajili ya kudumu aangalie hilo kabla ya kuhesabu efekti.

Mitambo ya dijitali, kuanzia Yamaha 02R ya 1995 hadi Behringer X32 ya 2012, ilipunguza volyumu za kaboni na kuleta mambo yake: feda zenye mota ambazo vumbi huzikwamisha, feni, na betri ndogo ya kumbukumbu ambayo ikiisha hufuta mipangilio. Mipangilio ihifadhiwe nje kabla ya kugusa betri. Na feda zinazohisi kidole zisipakwe chochote bila kusoma mwongozo.

Kwa anayesimama dukani mbele ya miksa ya mitumba, mambo machache yanatosha. Inusa: harufu ya kiyeyushi ina maana muuzaji amepuliza dawa asubuhi hiyo, na unachosikia sasa si hali yake halisi. Anza na chaneli za mwisho, si za mwanzo. Chomeka insati zote. Bonyeza kila swichi. Tembeza feda polepole ukisikiliza pale kwenye alama ya sifuri. Gusa skrubu za chini, kwani skrubu zilizokwaruzwa vichwa zinaonyesha wamepita mafundi wangapi. Tikisa jeki za vipaza sauti, maana solda ya miguu yake hupasuka kwa miaka ya kuvutwa waya. Hesabu chaneli zilizokufa kwa insati na swichi kama chaneli nzima, kwa sababu zitarudi. Hesabu zilizolika kaboni kama feda mpya pamoja na siku ya fundi, kisha ondoa gharama hiyo kwenye bei. Halafu omba iwashwe saa nzima ukiwa hapohapo, kwa kuwa solda mbovu na kapasita zilizochoka hujionyesha zikishapata joto. Muuzaji akisema hana saa nzima, nenda duka la pili.